Mama Munganga na Kaseti ya Soko

Mama Munganga hakukubali kifo cha hata mtu mmoja kwenye filamu. Jambazi alipigwa risasi, akaanguka, akamshika rafiki yake mkono ili amweleze mahali alipoficha dhahabu, na kabla hajamaliza maelezo Mama alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa.

"Huyu hajue kufa," alisema. "Muntu ya risasi ya tumbo hasemake vile. Anaombaka maji tu. Maji, maji, na kisha mama yake."

Donatien, mume wangu, alipenda filamu za mapigano, na maneno hayo yalimkera. "Lakini Mama, ni filamu tu."

"Najua ni filamu. Njo maana nakasirika. Balitafuta farasi mia moja, na hawakutafuta munganga mumoja wa kuuliza vile bantu banakufaka."

Tulimwita Mama Munganga ingawa hakuwa daktari. Alikuwa muuguzi katika hospitali ya wafanyakazi, na kwetu Likasi munganga ni yeyote anayevaa koti jeupe na kushika sindano. Jina lake la ubatizo nalijua, lakini mtaani hakuna aliyelitumia, na mimi sitalitumia leo. Tulikaa ukuta kwa ukuta miaka tisa. Nilipofika pale nikiwa nimeolewa karibuni, yeye alikuwa tayari mjane, mrefu, mkavu, mwenye mikono iliyonuka sabuni ya hospitali hata siku za sikukuu. Kabla ya kugusa kaseti aliinawa mikono hiyo kwa maji na sabuni, akaikausha kidole kwa kidole, na sisi tuliokuwa tumeketi tulingoja kana kwamba mgonjwa alikuwa mle ndani ya mashine.

Mashine ile ya video haikuwa ya kununua. Familia moja ya wafanyabiashara Wagiriki ilikuwa na bibi mgonjwa, na Mama alimhudumia nyumbani kwao miezi mingi. Baada ya uporaji wa askari mjini, walipofunga maduka na kuondoka, walimwachia televisheni ya rangi, mashine ya video na katoni ya kaseti. Kaseti hazikuwa na majina, mgongoni tu kulikuwa na herufi za Kigiriki ambazo hakuna aliyeweza kuzisoma. Kwa hiyo tulizipa majina wenyewe. Kulikuwa na kaseti ya Hakimu, ya jaji aliyegundua kwamba mwizi aliyemfunga ni mkwe wake. Kulikuwa na ya Mpishi, aliyepigana na watu ishirini kwa vifuniko vya sufuria. Kulikuwa na ya Theluji, ambayo ndani yake hakukuwa na jambo lolote ila mwanamke akingoja barua. Na kulikuwa na kaseti ya Soko.

Tulikutana Jumapili mchana, baada ya misa na baada ya kula, kama umeme wa bwawa la Mwadingusha ulikuwepo. Mama alitundika mashuka mawili dirishani, na sebule ikawa na giza la rangi ya majani, kwa sababu mashuka yalikuwa ya kijani. Joto lilikuwa kali. Tulikuwa sita: mimi na Donatien, Mama Ruphine, aliyeuza unga wa muhogo na kusali katika kanisa la uamsho, na ambaye kila wiki aliapa kwamba ile ni mara yake ya mwisho kutazama mambo ya dunia, Papa Mwepu, fundi wa umeme wa kiwandani, mkewe Kapinga, na Mama mwenyewe, aliyekaa kwenye kigoda karibu kabisa na kioo, na koti lake jeupe mwilini.

Filamu ilipokwisha hakuna aliyeruhusiwa kuondoka. Alituzunguka mmoja mmoja. "Weye uliona nini?" Hilo ndilo lilikuwa swali, na hakuuliza kama tumependa. Ukijibu kwamba filamu ni nzuri, alikwambia kwamba supu ndiyo huwa nzuri. Alitaka useme kitu ulichokiona. Papa Mwepu daima aliona milango na mitambo. Alisema nyumba ile ya tajiri ilikuwa na nyaya za kupitisha nje ya ukuta, fundi wake afukuzwe. Mama Ruphine aliona dhambi, na aliziona kwa makini kuliko sisi sote. Mimi nilikuwa mwoga wa kusema, nikataja nguo.

Mpinzani wake alikuwa Kapinga. Kapinga alicheka mahali pasipochekesha, na Mama alilia kwenye filamu za kuchekesha, kwa hiyo hawakuweza kukubaliana juu ya jambo lolote. Nakumbuka walivyobishana juu ya yule mwanamke wa kaseti ya Theluji.

"Angeenda yeye mwenyewe kumutafuta bwana yake," alisema Kapinga. "Iko na miguu."

"Alimuambia angoje."

"Aliambiwa na nani? Na muntu mwenye hayuko. Minye siwezi kungojea muntu mwenye hayuko, Mama."

"Weye uko na kichwa ngumu."

"Minye niko na miguu," Kapinga akajibu, akainyoosha mbele ya wote, akacheka. Mumewe alimtazama kama mtu anayetazama taa aliyoitengeneza kwa mikono yake ikiwaka. Alikuwa mwanamke mnene kidogo, na bega lake la kushoto lilishuka kuliko la kulia, kwa kuwa tangu utoto alibeba ndoo upande ule mmoja. Ungemjua kwa mgongo tu, ukiwa mbali, katikati ya watu.

Mama alikuwa na desturi mbili ambazo Donatien alizilalamikia, kwa sababu alidai zinaharibu mashine. Ya kwanza ni kwamba hakurudisha kaseti nyuma gizani, ndani kwa ndani, kama wengine. Aliirudisha picha ikionekana. Tuliona farasi wakikimbia kinyumenyume, vumbi likirudi ardhini, na yule aliyepigwa risasi akiinuka, damu ikiingia shatini na kupotea. Kwenye kifo chenyewe alikuwa anahukumu, lakini kwenye kuinuka uso wake ulilegea. "Muangalie," alikuwa anasema polepole. "Anaamka." Na alitaka tunyamaze mpaka watu wote wamerudi mahali walipoanzia.

Ya pili ilikuwa watu wa nyuma. Hakuwatazama sana wakubwa wa filamu. Aliwatazama wanaopita, wanaobeba maji, wanaokaa mezani mwa hoteli bila kusema neno. "Ule mama ya ndoo, mumemuona? Iko na mimba ya miezi mine, na hakuna wa kumuambia aikale chini." Mara nyingine alimwona mtu wa nyuma akikohoa, na Jumapili iliyofuata aliiweka tena kaseti ileile ili amwone kama kikohozi kimepungua. Tulicheka. Yeye hakucheka. Umeme ulipokatika katikati, na picha ikajikunja ikawa nukta moja nyeupe, alibaki ametazama ile nukta mpaka izimike, kisha akasema, "Tumewaacha mu njia," na hakutufungulia pazia mpaka muda upite.

Hayo yote yalikuwa kabla ya treni.

Wanaokumbuka miaka ile hawahitaji kuelezwa, na wasioikumbuka nitawaambia kwa ufupi. Watu wenye asili ya mkoa wa Kasai, hata waliozaliwa Likasi na wazazi waliozaliwa Likasi, waliambiwa waende kwao. Vijana walipita nyumba kwa nyumba. Kapinga hakuwa amewahi kuiona Kasai. Papa Mwepu yeye alikuwa mtu wa Katanga, na aliambiwa mlangoni kwake, na vijana aliowajua majina, kwamba amtoe mwanamke au atoke naye. Siku tatu mawe yalianguka juu ya bati lao. Siku ya nne kaka zake Kapinga walikuja kumchukua, na Papa Mwepu mwenyewe alibeba godoro kichwani, akampeleka mkewe stesheni.

"Nitakufuata," alimwambia. Alitumaini kiwanda kitawalipa kile walichoahidiwa, kisha auze vitu, kisha apande treni ya pili au ya tatu.

Treni hazikuja kama zilivyosemwa. Maelfu walikaa pale stesheni na uwanjani, chini ya mahema ya plastiki na magunia, wiki baada ya wiki, na maji yalikuwa machafu. Mama Munganga alienda kila asubuhi na wauguzi wengine wachache, na ndoo ya maji aliyochemsha, chumvi na sukari. Mimi nilienda mara moja, nikampelekea Kapinga sabuni na chai. Alikuwa amekaa juu ya godoro lile, akacheka aliponiona, akaniuliza tumetazama kaseti gani. Nilimwambia hatutazami bila yeye. Huo ulikuwa uongo. Sikurudi tena, na sababu zangu hazifai kuandikwa.

Papa Mwepu alimpelekea chakula kila siku adhuhuri. Kisha malaria ikamlaza siku nane. Siku ya tisa alijikokota mpaka langoni, na Mama alikuwa anarudi kutoka stesheni, na mimi nilikuwa naanika nguo, kwa hiyo nilisikia.

"Treni imeenda, Papa Mwepu," alisema Mama.

"Na Kapinga?"

"Treni imeenda. Kaka zake nao banaenda. Bantu bote ba pale banaenda."

"Alikuwa na afya?"

Mama aliweka ndoo chini. "Alisema usife na malaria," akamwambia. Kisha akaingia kwake, na nilimsikia akinawa mikono muda mrefu sana, maji yakimwagika na kumwagika.

Barua haikuja. Mwaka ukageuka, na hakuna barua. Siku zile barua hazikufika popote, tulimwambia hivyo, na ilikuwa kweli, lakini Papa Mwepu aliacha kula. Hakutangaza. Alikuwa anaketi mbele ya sahani, anaizungusha, anairudisha. Mashavu yake yaliingia ndani. Bado alikuja Jumapili, akaketi mahali pale pale, na Mama alipomuuliza ameona nini, alijibu, "Sikuona." Wiki nyingi jibu lilikuwa hilo.

Jumapili moja Mama aliweka kaseti ya Soko. Hatukuwa tumeitazama tangu zamani. Ni filamu ya polisi anayemfukuza mwizi wa vito katika mji wa nchi ya joto, hatukujua nchi gani, na katikati kuna soko kubwa lenye turubai nyekundu ambalo wawili hao wanalipita mbio, wakiangusha vikapu. Mwizi aliingia sokoni. Polisi akaingia. Mama akasimama ghafla, akasimamisha picha, akairudisha nyuma kidogo, akaweka kidole kwenye kioo.

"Muangalie pale nyuma," alisema. "Karibu na meza ya nyanya. Ule si Kapinga?"

Mashuka ya kijani yalitikisika kidogo kwa upepo. Picha iliyosimamishwa ilikuwa inatetemeka, kama maji ndani ya beseni mtu anapopita karibu. Nilitazama kidole kilipokuwa, nikaona mwanamke aliyetupa mgongo, ameinama kidogo juu ya nyanya, anachagua. Bega la kushoto lilikuwa chini.

Papa Mwepu alipiga magoti sakafuni, akaenda kwa magoti mpaka mbele ya televisheni. Alikaa hapo, uso wake umejaa mwanga mwekundu wa turubai. "Ni yeye," alisema. "Ni yeye, kweli."

Mama Ruphine alinong'ona jina la Yesu. "Lakini filamu hii ni ya zamani, Mama. Tuliitazama naye hapahapa, alikaa hapa."

"Minye sijue," alisema Mama. "Nasema kile naona. Anatembea, iko na afya, ananunua nyanya."

Tulipofika nyumbani Donatien aliniuliza, bila kunitazama, "Weye uliona kintu?"

"Na weye?"

"Minye niliona soko."

"Minye pia niliona soko," nikasema. Nilijiambia kwamba Mama alikuwa ameniwekea mwanamke yule machoni kwa kidole chake. Mtu akikuonyesha sura kwenye wingu, utaiona. Nilijiambia hivyo nikiwasha mkaa, na nikajiambia tena nikisonga ugali.

Usiku ule Papa Mwepu alikula. Wiki ile alinyoa ndevu. Aliomba kaseti ile irudiwe, na Mama, ambaye kwa kawaida hakukubali kuombwa kaseti, aliiweka. Tulifika sokoni. Mwizi aliingia, polisi akaingia. Niliangalia meza ya nyanya na hapakuwa na mtu. Nikashusha pumzi. Ndipo nilipomwona kwenye meza iliyofuata, ya samaki wakavu, karibu na sisi zaidi, na kichwa chake kilikuwa kimeanza kugeuka. Nilisema sufuria yangu iko motoni, nikatoka. Nje kulikuwa na jua kali la saa tisa, na watoto waliruka kamba barabarani, na nilisimama katikati yao nikiwahesabia miruko. Tangu siku hiyo, kaseti ile ilipowekwa, nilikuwa na sufuria motoni.

Habari za namna hiyo hazikai ndani ya nyumba. Mama Ruphine alikuwa na mdogo wake wa kiume aliyevuka kwenda Zambia kutafuta maisha, na hakutuma neno. Alikuja siku ya kazi, na kuku, akamwomba Mama amtafutie.

"Katika kaseti yoyote," alisema. "Weye uko na macho."

"Minye siko munabii," akajibu Mama. "Enda na kuku yako."

"Mbona Papa Mwepu ulimuonea wake?"

"Nimesema enda, Mama Ruphine."

Hakuwa amewahi kumfukuza mtu. Alikuwa mwanamke wa kugawa vidonge vyake vya mwisho, wa kumpasua mtoto jipu saa ya chakula bila kuuliza ni mtoto wa nani. Tuliona ni roho mbaya, kumfungulia mmoja mlango na kumfungia mwingine. Mama Ruphine hakuja tena Jumapili. Alikuja pamoja na watu wa kanisa lake, wakasimama langoni, wakaombea nyumba ile kwa sauti, asubuhi nzima. Mama alipita katikati yao akienda kazini, akawasalimia mmoja mmoja kwa jina.

Kisha Papa Mwepu akatangaza kwamba anaenda Kasai. Mtu aliye hai sokoni anaweza kufikiwa, alisema. Aliuza baiskeli na vyombo vyake vya kazi. Asubuhi aliyoondoka, Mama alimfuata mpaka langoni, bila koti lake, kichwa wazi, jambo ambalo sikuwa nimeliona.

"Papa Mwepu, ngoja kwanza."

"Ningoje nini, Mama? Weye mwenyewe uliniambia iko na afya."

Alishika nondo za lango kwa mikono miwili. Nilikuwa karibu, nafagia ua wetu. Papa Mwepu alingoja, mtu wa heshima, mfuko begani. Mwishowe Mama akamwambia, "Maji ya njiani uchemshe." Papa Mwepu akamshukuru, akaenda.

Alikuwa mbali miezi saba. Katika miezi hiyo Mama hakuweka filamu hata moja. Mashine ilifunikwa kitambaa. Jumapili alikaa kizingitini, mikono magotini, na ukimsalimia alichelewa kuitikia, kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha ndani.

Papa Mwepu alirudi mwanzo wa kiangazi, amekuwa mwembamba, nywele zimeingia mvi upande mmoja. Alikuwa amewafikia kaka zake Kapinga. Hilo tulilijua kwa sababu alileta salamu zao. Zaidi ya hapo hakusema. Jumapili alipiga hodi kwa Mama saa ileile, akaketi pale pale, na Mama, ambaye uso wake ulikuwa wa kijivu, alinawa mikono na kuweka kaseti ya Hakimu. Tulikuwa wanne. Filamu ilikwisha. Aliniuliza mimi, nikataja nguo. Akamuuliza Donatien. Kisha akamgeukia Papa Mwepu, na swali lilitoka kwa sauti ndogo.

"Na weye, Papa, uliona nini?"

Papa Mwepu alifikiri. "Mulango ya gereza," alisema. "Inafungukia ndani. Mulango ya gereza haifungukiake ndani." Akasimama, akavaa kofia. Alipofika mlangoni akasema, bila ukali, "Ile kaseti ya soko, Mama. Usiiweke tena."

"Sitaiweka," alisema Mama.

Hawakuzungumza juu ya jambo hilo tena mbele yetu, na naamini hawakuzungumza hata wakiwa peke yao. Papa Mwepu aliendelea kuja. Alimtengenezea pasi, akambadilishia waya za sebule, akamchotea maji alipougua mgongo. Mashine ya video ilipokufa alijaribu kuifufua siku tatu. Hospitali ilipokosa dawa, na kisha ikakosa wauguzi, Mama aliamua kuhamia kwa dada yake karibu na misheni ya Kapolowe, na Papa Mwepu ndiye aliyefunga mizigo yake juu ya lori, fundo kwa fundo. Miaka miwili baadaye tulimzika Papa Mwepu, ugonjwa wa ini. Mama hakuweza kuja. Barabara ilikuwa imefungwa na askari.

Nilimwona mara ya mwisho mwishoni mwa miaka ile ya tisini, nilipoenda Kapolowe kutafuta mahindi. Alikuwa ameketi nyuma ya nyumba ya dada yake, anachambua maharage kwenye ungo. Alikuwa amekonda, jicho moja limefunikwa utando mweupe, lakini mikono ilikuwa ileile, na ilinuka sabuni. Nilimpa habari za msiba, jinsi Papa Mwepu alivyokwenda bila maumivu mengi. Alisikiliza, akauliza maswali ya muuguzi, rangi ya macho, uvimbe wa miguu. Kisha mikono ikasimama juu ya ungo.

"Mama Chantal," akaniita kwa jina la binti yangu. "Minye nilimudanganya ule baba."

Nilisogea karibu na ungo.

"Kapinga hakupanda treni. Alikufa pale, asubuhi, bwana yake akiwa na siku mbili za malaria. Maji yote ilimuisha mu mwili. Kaka zake baliniambia: Mama, weye uko jirani, umuambie. Nikaahidi, nikangoja kwanza malaria imuachie. Nikafika mu lango, nikamuona vile amesimama, nikasema treni imeenda."

"Ulikuwa unamuonea huruma."

"Hapana. Niliogopa. Siku ile nilikuwa nimefunika bantu kumi na mbili. Sikukuwa na neno ya kumi na tatu." Alichukua harage moja, akaliangalia, akalitupa. "Nikasema nitamuambia kesho. Kisha akaacha kula, na nikaona kama namuambia, anakufa yeye pia. Njo nikatafuta Kapinga mu filamu."

"Lakini kwenye filamu alikuwepo?"

"Hapakuwa muntu. Kulikuwa mama mumoja munene, na kofia ya majani. Nikachagua ule, nikaweka kidole. Minye sikumuona Kapinga hata siku moja."

Kuku alipita kati yetu. Kengele ya misheni iligonga saa sita, na alingoja imalize.

"Lakini si uongo njo unanisumbua," aliendelea. "Kaka zake walimuambia kweli, na yeye alirudi kukaa nyumbani kwangu, alinisamehe. Kintu kingine njo kinanisumbua. Nilimunawisha minye mwenyewe. Nguo yake ilichafuka yote. Siku ile nilikuwa nimevaa kikwembe kipya chini ya koti, mara ya kwanza, nikakivua nikamufunga nacho. Nikarudi nyumbani na koti tu, nimeifunga na mukono. Sasa wale ba lori wenye kubeba maiti, balikuwa banatoa nguo. Sikulaumu, bikwembe bilikuwa shida. Lakini kila mara najiuliza kama balimuvua. Kama waliweka mama ule mu udongo bila kintu, mbele ya wanaume. Nilitafuta kile kikwembe mu soko miezi na miezi. Kila mwanamuke mwenye kupita, nilimuangalia nguo."

Sikuwa nimekusudia kusema. Nilikuwa nimebeba jambo lile miaka sita, na hata Donatien hakulijua.

"Mama," nikasema, "minye sikuona mama mwenye kofia."

Aligeuza jicho lake zima kwangu.

"Weye uliona nini?"

Nikamweleza. Bega la kushoto, meza ya nyanya. Na mara ya pili, meza ya samaki, karibu zaidi, na kichwa kilichoanza kugeuka, na mimi nikakimbia. Nilimwomba msamaha kwa kukimbia, sijui kwa nini, lakini niliomba. Hakushangaa, wala hakuniambia kwamba nilikuwa nimeona ndoto. Aliuweka ungo chini, akajifuta mikono kwenye nguo yake, kidole kwa kidole.

"Alivaa nini?" aliuliza.

"Kikwembe cha njano. Chenye miavuli midogo myeusi. Kipya, kilikuwa bado kinasimama. Alikuwa amekifunga juu, chini ya makwapa, kama muntu mwenye kutoka kunawa."

Mabega ya Mama Munganga yakashuka, yote mawili, na akafumba macho.

"Basi balimuachia," alisema.